Je, Jua likikaa mstari mmoja na kitovu cha galaksi yetu, tunaweza kuliona jambo hilo?

*"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kina mama imeletwa video inayosema kwamba tarehe 21 Desemba Dunia, Jua na kitovu cha galaksi vitakaa mstari mmoja, jambo linalotokea mara moja tu kila miaka 26,000. Wanasema nguvu itakayotoka huko itageuza sumaku ya Dunia, kwa hiyo tufunge siku tatu na tusitoke nje. Kuna na maji yanauzwa, eti ya kujikinga. Mama yangu ana kisukari na ameshasema atafunga. Kijana wangu wa kidato cha tatu yeye hataki hata kusikia habari ya kujifungia ndani. Anataka aangalie kwa darubini ya macho mawili aliyoletewa na mjomba wake baharia. Naomba kuuliza: jambo hili lipo kweli? Linaonekana kwa macho? Na kama halionekani kutoka huku chini, wale walioko angani karibu na Dunia wao wanaliona?"*

Habari ni nzuri, dada yangu, na pole kwa hofu mliyotiwa. Kabla ya yote kuna jambo la haraka: mwambie kijana asielekeze darubini ile kwenye Jua, si tarehe 21 Desemba wala siku nyingine yoyote. Darubini hukusanya mwanga wa Jua na kuubana uwe kitone kidogo nyuma ya jicho. Sehemu hiyo ya jicho haina maumivu, kwa hiyo mtu anaungua bila kujua, anakuja kugundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama kuna doa. Miwani ya jua ya mtaani, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei, vyote hivyo havimkingi. Nimelitanguliza hili kwa sababu, katika habari yote uliyoniandikia, hatari za kweli ninaziona mbili tu: darubini hiyo na mfungo wa mama yako. Ya mama nitaifikia.

Sasa swali lako. Ni kweli kwamba kuna siku ambayo Dunia, Jua na kitovu cha galaksi hukaribia kukaa mstari mmoja. Siku hiyo huja kila mwaka, mwezi wa Desemba, na wewe umeipita kila mwaka tangu uzaliwe. Mstari wenyewe haunyooki sawasawa, na kwa macho hauonekani, maana kitovu kinakuwa upande uleule wa Jua, mchana kweupe. Kutoka angani karibu na Dunia unaweza kuonekana kwa kiasi fulani, kwa kamera maalumu, na picha zake zimepigwa miaka mingi bila mtu yeyote kudhurika.

Nieleze kwa nini ni kila mwaka. Chukua uwanja wa shule wenye nguzo ya bendera, na mbali kabisa, ng'ambo ya mji, kuna mnara wa msikiti. Zunguka nguzo kwa miguu huku ukiitazama. Kila mzunguko utafika mahali ambapo nguzo imesimama mbele ya mnara. Na ukifika upande wa pili, wewe ndiye uliye kati ya nguzo na mnara. Nguzo haikusogea, mnara haukusogea, ni wewe uliyetembea. Dunia huzunguka Jua vivyo hivyo kila mwaka. Mnapofika tarehe 18 au 19 Desemba, Jua linakuwa upande wa kitovu cha galaksi. Miezi sita baadaye, tarehe 18 au 19 Juni, Dunia ndiyo inakuwa katikati, Jua upande mmoja na kitovu upande mwingine. Hiyo tarehe ya Juni uishike, nitairudia, maana ndiyo itakayomfaa kijana wako.

Watu wa pwani walijua zamani kwamba Jua hupita mbele ya nyota na kuzificha. Ndipo uliposemwa msemo wa Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila mwezi wa Mei Jua hupita upande wa Kilimia, nacho kikapotea machoni wiki kadhaa, kikaja kuonekana tena alfajiri upande wa mashariki mwezi wa Juni. Wakulima na mabaharia walikitumia kuhesabu majira. Kitovu cha galaksi nacho hupotea na kurudi kwa namna hiyohiyo. Kinapotea Desemba, basi.

Lakini je, mstari unanyooka? Hapa video yenu imechanganya vitu viwili, na ukivitenganisha habari nzima inabadilika. Galaksi yetu, tunayoiita Njia Nyeupe, ina umbo la sahani kubwa nyembamba ya nyota, nasi tumo ndani yake. Ndiyo maana tunaiona kama mkanda mweupe unaokata anga. Wanaastronomia wamechora mstari wa kuwazia katikati ya mkanda huo, kama ramani zinavyochorwa Ikweta. Mstari unaotumika leo ulikubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 1958. Mstari huo ni kitu kimoja. Kitovu chenyewe ni nukta moja juu ya mstari huo, kwenye kundinyota la Mshale, lile wanajimu wa kwetu wanaloliita Kausi. Jua hukata ule mstari mara mbili kwa mwaka, Desemba na Juni. Nukta ya kitovu haliifikii hata siku moja.

Linaikosa kwa nyuzi 5.6. Nyosha mkono wako wote mbele, unganisha vidole vitatu vya katikati: upana wake ni kama nyuzi 5. Kwa hiyo Jua linapokuwa karibu kabisa na kitovu, bado kati yao unaweza kupanga majua mengine kama kumi. Na hiyo ni tarehe 18 au 19. Ikifika tarehe 21 wanayoitangaza, Jua limeshasogea mbele, umbali umekuwa zaidi ya nyuzi 6. Jua halitakifunika kitovu cha galaksi mwaka huu, wala halijakifunika wakati wowote tangu watu waanze kuandika habari za nyota.

Namba ya 26,000 nayo ina chanzo chake. Mhimili wa Dunia unayumba polepole mno, na kuyumba mara moja kamili huchukua takriban miaka 25,800. Kwa sababu hiyo, mahali Jua linaposimama mbele ya nyota siku ya kufika mwisho wake wa kusini, ile ya Desemba, panahama: nyuzi 1 kwa kila miaka 72 hivi. Kuna kipindi mahali hapo hukutana na ule mstari wa kuwazia wa galaksi. Jean Meeus, Mbelgiji aliyebobea katika hesabu za anga, alipiga hesabu akakuta mkutano wa karibu zaidi ulikuwa mwaka 1998. Umeshapita, na tangu hapo vinaachana. Mwaka 2012 habari hii ilipamba moto kwa sababu kalenda ndefu ya Wamaya wa kale wa Amerika ya Kati, ambayo mwanzo wake huhesabiwa mwaka 3114 kabla ya Kristo, ilikamilisha duru yake kubwa tarehe 21 Desemba 2012. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili, wakatangaza mwisho wa dunia. Wamaya wenyewe walikuwa wakihesabu tarehe za mbali zaidi ya hapo. Video mliyoletewa ni mahubiri yaleyale ya 2012, yamebadilishwa mwaka tu.

Wapo wanaosema jambo lingine tena: kwamba mfumo wetu wa Jua uko katika kuvuka bapa la galaksi, yaani katikati ya ile sahani ya nyota. Hilo ni tofauti kabisa na mstari wa Desemba, nalo pia halitokei sasa. Jua letu liko juu ya katikati ya sahani ile kwa makumi ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na linazidi kupanda kwa mwendo wa kilomita 7 hivi kwa sekunde. Lilivuka miaka milioni kadhaa iliyopita. Kugeuka na kurudi kuvuka tena ni suala la makumi ya mamilioni ya miaka.

Nije sasa kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonifurahisha: walioko angani karibu na Dunia, wanaona zaidi? Kwanza tupime "karibu" ni wapi. Kituo cha anga kinachozunguka na wanaanga kipo kama kilomita 400 juu. Jua liko kilomita milioni 150. Kilomita 400 katika hizo ni sawa na hakuna. Mwanaanga anaona Jua mahali palepale unapoliona wewe Tanga. Hata ungehamia Mwezini, kilomita 384,400 kutoka hapa, Jua lingesogea mbele ya nyota kwa kidogo zaidi ya robo ya upana wake. Kitovu cha galaksi hakingesogea kabisa, maana kiko mbali kama miaka ya nuru 26,000 na ushee. Kwa maneno mengine, karibu na Dunia hakuna mahali unapoweza kusimama ukayaona mambo yamepangana vizuri zaidi. Nimepiga hesabu ya mahali ambapo Jua lingekaa hasa mbele ya kitovu: ungetakiwa kupaa karibu kilomita milioni 15 kaskazini mwa bapa ambamo Dunia huzungukia, yaani kama mara 38 ya umbali wa Mwezi. Vyombo vya kutoka nje ya bapa hilo vipo, Ulysses iliyorushwa 1990 ilipita hadi juu ya ncha za Jua, lakini hapo hatusemi tena "karibu na Dunia".

Hata hivyo, anga la juu lina faida moja kubwa: hakuna hewa. Huku chini mchana anga ni buluu kwa sababu hewa inatawanya mwanga wa Jua, na mwanga huo unazima nyota zote. Kule juu anga ni jeusi hata Jua likiwaka. Ukiweza kuziba uso wa Jua, nyota zilizo pembeni yake zinaonekana. Wanaanga hawafanyi hivyo kwa macho, Jua linawapofusha kama sisi. Chombo ndicho kinachofanya. Mwaka 1995 mashirika ya anga ya Ulaya na Marekani yalirusha chombo kiitwacho SOHO, kikapelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa upande wa Jua. Ndani yake mna kamera iitwayo LASCO C3, yenye kisahani kinachoziba Jua, na inaona nyuzi kama 8 kila upande. Nyuzi 5.6 zimo ndani ya 8.

Kwa hiyo kila Desemba kamera hiyo imekuwa ikipiga picha ya upande wa kitovu cha galaksi ukiwa nyuma ya Jua. Ukifungua picha zake za kuanzia tarehe 17 hadi 22 za mwezi huo utaona duara jeusi katikati, duara jeupe dogo lililochorwa ndani yake kuonyesha Jua lilipo, miali ya gesi ikitoka pande zote, na nyuma yake vumbi la nyota limetapakaa kuliko miezi mingine. Zile ni nyota za Njia Nyeupe, na upande wa kitovu uko sehemu ya chini ya picha. Ukizipanga picha za siku zile mfululizo, utaona nyota zinahama taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kila siku nyuzi moja. Kilicho dhahiri ni kwamba siku ya 21 haina chochote cha kuitofautisha na ya 20 au ya 22.

Nisikudanganye, hata kamera hiyo haioni kitovu chenyewe. Kati yetu na kitovu kuna mawingu mazito ya vumbi, na mwanga wa kawaida unaotoka kule unazuiwa hivi kwamba katika chembe trilioni moja za mwanga inafika kama moja. Wanaokiona wanatumia mwanga wa infraredi au mawimbi ya redio, ambayo hupenya vumbi. Kwa njia hiyo Reinhard Genzel na Andrea Ghez walifuatilia kwa miaka mingi nyota zinazozunguka pale katikati, wakaonyesha kwamba kuna kitu kisichoonekana chenye uzito wa takriban majua milioni 4, na kwa kazi hiyo wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020 pamoja na Roger Penrose. Picha ya kitu hicho, kinachoitwa shimo jeusi, iliyotengenezwa kwa darubini za redio za sehemu mbalimbali za dunia, ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mtu wa kwanza kuupima mstari huu wa Desemba kwa chombo aliupima bila kukusudia. Mwaka 1931 kijana mmoja mhandisi, Karl Jansky, alikuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Holmdel, New Jersey. Kampuni ilitaka kujua ni kelele gani zinazosumbua simu za redio za kuvuka Atlantiki. Akajenga antena kubwa ya vyuma na mbao, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikawa inazunguka polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 20. Alipata kelele za radi za karibu, za radi za mbali, na za tatu, mchakacho hafifu usiokatika ambao chanzo chake hakukijua. Kati ya Desemba na Januari mchakacho huo ulikuwa unatoka upande wa Jua. Ulichomoza nalo, ukatua nalo. Akadhani, kama mtu yeyote angedhani, kwamba ni Jua.

Hakuishia hapo, aliendelea kurekodi. Miezi ilivyokwenda, ule mchakacho ukaanza kuliacha Jua. Kila siku ulitangulia kwa dakika 4. Dakika 4 hizo ndizo saini ya nyota, maana nyota hurudi mahali pake baada ya saa 23 na dakika 56, si saa 24. Baada ya mwaka mzima ukarudi tena kukutana na Jua. Mwaka 1933 Jansky akatangaza kwamba kelele zile zinatoka nje kabisa ya mfumo wa Jua, upande wa kundinyota la Mshale, kilipo kitovu cha Njia Nyeupe. Ndivyo astronomia ya redio ilivyozaliwa. Tazama basi: mstari ambao kina mama wenu wanatishiwa nao ulipimwa Marekani zaidi ya miaka 90 iliyopita kwa antena yenye magurudumu ya gari, ukaonekana unakuja na kuondoka, na simu zikaendelea kupigwa.

Kuhusu nguvu itakayotoka huko. Mvutano wa galaksi upo, na ni mkubwa: ndio unaolishika Jua na sisi sote tukazunguka kitovu kwa mwendo wa kilomita 230 hivi kwa sekunde. Ila hauwashwi Desemba na kuzimwa Januari. Upo leo, ulikuwepo jana. Kinachoweza kuisumbua Dunia ni tofauti ya mvutano kati ya upande wake mmoja na mwingine, ile inayofanya bahari ijae na kupwa, na tofauti hiyo hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka. Nyie wa Tanga mnaijua bamvua vizuri: Mwezi na Jua vikikaa mstari mmoja, yaani Mwezi mwandamo na Mwezi mpevu, maji hujaa na kupwa zaidi. Huo ndio mpangilio wenye nguvu juu yetu, unatokea mara mbili kwa mwezi, na wavuvi wanapanga kazi zao kwa huo. Shimo jeusi la kitovu cha galaksi lina nguvu ya namna hiyo ambayo ni kama sehemu moja ya trilioni ya bilioni ukilinganisha na ya Jua. Ukijumlisha na nyota zote zilizoko upande wa ndani wa galaksi, haifiki hata sehemu moja ya trilioni.

Sumaku ya Dunia inatengenezwa chini ya miguu yetu, na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka kwenye kiini cha nje. Ni kweli imewahi kugeuka mara nyingi. Mara ya mwisho kugeuka kabisa ni takriban miaka 780,000 iliyopita, na kugeuka huko huchukua maelfu ya miaka. Haina kalenda ya Desemba.

Kijana wako ana njia tatu. Kusubiri Desemba na kutazama anga kwa macho: hataona kitu na anaweza kupofuka, hiyo tuiache. Kutafuta picha za SOHO: ni bure, hifadhi yake iko wazi na ina picha za Desemba kuanzia 1996, na mimi ningependa aweke mbili tatu kwenye kundi lenu hilohilo la WhatsApp. Upungufu wake ni kwamba zina chengachenga, zinakula bando, na anayezitazama bila maelezo ataona madoa tu. Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea, ingawa inadai subira: angoje Juni, Dunia ikiwa katikati. Hapo kitovu kinakuwa angani usiku kucha, na darubini ya mjomba inapata kazi yake halali.

Kwa Tanga, katikati ya Juni, upande wa kitovu hufika juu kabisa baada ya saa sita usiku kidogo, nyuzi kama 66 kutoka upeo wa kusini, karibu utosini. Wazungu wa London wanakiona nyuzi 9 au 10 tu juu ya upeo, tena kwa saa chache, kwa hiyo katika hili sisi ndio wenye bahati. Kama hataki kukesha, mwisho wa Agosti kinafika juu mnamo saa mbili usiku. Achague siku za giza, zile wavuvi wa dagaa wanazotoka na taa, siku za mbalamwezi hazifai. Asogee mbali na taa za mji. Ufukweni mwa Pangani au shambani kwa jamaa patafaa. Aitafute Nge, ina mkia uliopinda kama ndoano na nyota moja nyekundu kifuani. Kushoto yake, akielekea kusini, ataona nyota nane zinazochora birika la chai. Mdomo wa birika umeelekea kulia, na kitovu cha galaksi kiko mbele kidogo ya mdomo huo. Ataona Njia Nyeupe imenenepa hapo kuliko popote, na mapande meusi katikati yake. Yale mapande meusi ndiyo lile vumbi nililolisema. Akipitisha darubini taratibu atakutana na vishada vya nyota na mawingu ya gesi ambayo jicho tupu linayaona kama ukungu.

Sasa mama. Suala la kufunga kwa ibada ni lake na Mola wake, mimi siliingilii. Lakini mtu mwenye kisukari kufunga siku tatu mfululizo ni suala la daktari, hasa akiwa anatumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari. Mpeleke kliniki yake kabla ya tarehe hiyo, usimwache aamue kwa video. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuchanganyikiwa au kulegea, mpe kitu chenye sukari kama anaweza kumeza, na muwahi hospitali.

Kuhusu macho: kama kijana au mtoto mwingine ameshalitazama Jua, na anaona doa katikati, au mistari iliyonyooka anaiona imepinda, au rangi zimefifia, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Asiwekewe dawa yoyote ya macho ya dukani wakati mnasubiri.

Na hao wanaouza maji. Ningeweza kusema puuzeni tu, lakini siwezi, kwa yaliyotokea Kanungu, Uganda, Machi 2000, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ambako watu wengi na watoto wao walikufa baada ya kumfuata mtu aliyewaambia mwisho umefika. Mambo hayo huanza kidogo kidogo. Msinunue. Mwulize aliyeleta video alitumiwa na nani. Ukisikia mtu anaambiwa auze shamba, amtoe mtoto shule, aache dawa, au familia ihamie mahali fulani kusubiri siku hiyo, nenda kwa mtendaji wa mtaa au polisi mkiwa wawili watatu, na mwende na video yenyewe ikiwa kwenye simu, kabla mwenye kuileta hajaifuta.